Moshi wa Chiang Mai na Swali la Nani Mwenye Kiberiti

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa mwezi wa Februari, wakazi wa mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, hupotelewa na mlima wao. Mlima huo, Doi Suthep, una urefu wa mita 1,676 juu ya usawa wa bahari, nao umesimama magharibi ya mji, karibu kiasi kwamba siku za kawaida mtu aliye mjini huweza kuliona hekalu la dhahabu lililojengwa ubavuni mwake katika karne ya 14. Katika majuma ya moshi mlima wote hufichika, hekalu na msitu pamoja. Jua huchomoza likiwa jekundu kama kaa, na mtu huweza kulitazama bila kufumba macho. Hali hiyo huendelea hadi Aprili, na miaka mingine haikomi mpaka mvua za Mei zinyeshe.

Niliwahi kupita katika mji huo msimu wa namna hiyo. Moshi wenyewe haukunishangaza sana, kwa kuwa mimi ni mtu wa nchi ya miombo na harufu ya nyasi zinazoungua naijua tangu utoto. Lililonishangaza ni kwamba kila niliyezungumza naye alikuwa na mkosaji wake tayari. Dereva aliwalaumu watu wa milimani. Mwenye duka aliilaumu Myanmar. Mwalimu mmoja aliyalaumu makampuni ya mahindi. Kijana mwingine aliyalaumu magari ya dizeli, huku amekalia pikipiki iliyokuwa ikinguruma bila sababu. Hakuna aliyejilaumu. Tangu siku hiyo nimeona kuwa jambo la Chiang Mai ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kujua jinsi sayansi inavyoweza kumsaidia mwananchi kuamua nani anastahili lawama na kwa kiasi gani, na jinsi serikali zinavyoweza kuikwepa.

Tuanze na hewa yenyewe. Chiang Mai imelala katika bonde la mto Ping, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, nayo imezungukwa na milima. Wakati wa kiangazi usiku huwa mkavu na mbingu hazina mawingu. Ardhi hupoa upesi, na hewa inayogusana nayo hupoa pia, ikawa nzito, ikateremka na kutuama bondeni. Juu yake hubaki tabaka la hewa yenye joto. Kwa desturi hewa ya chini ndiyo yenye joto kuliko ya juu, nayo hupanda ikichukua moshi. Hapa mpango umepinduliwa, na tabaka la juu huwa kama kifuniko juu ya chungu. Mama aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha hahitaji kuelezwa zaidi. Moshi ambao katika uwanda wenye upepo ungetawanyika kwa saa chache, bondeni hukaa siku nyingi, na kila siku huongezewa mwingine.

Ndani ya moshi huo kuna gesi za namna nyingi, lakini kinachowashughulisha zaidi matabibu ni chembechembe ndogo zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Kwa hiyo chembe kubwa kabisa katika kundi hilo ni nyembamba kuliko unywele karibu mara thelathini. Vumbi la barabarani aghalabu hunaswa puani na kooni, tukalitema. Chembechembe za moshi hupita vizuizi hivyo vyote hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni, na zile ndogo zaidi huweza kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na macho yanayowasha: yamo pia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la tumbaku.

Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kuwa wastani wa chembechembe hizo kwa siku moja usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo, na wastani wa mwaka usizidi 5. Katika siku mbaya za Machi na Aprili vipimo vya Chiang Mai hupita mara kumi ya kiwango hicho cha siku. Tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima huvuta takriban mita za ujazo 15 za hewa kwa siku. Hewa ikiwa na maikrogramu 200, chembechembe atakazozivuta zina uzito wa miligramu 3, pungufu ya chumvi unayoweza kuishika kwa ncha za vidole viwili. Si zote zitakazobaki mwilini. Lakini hurudi kesho, na keshokutwa, kwa majuma manane au kumi, kila mwaka wa maisha yake. Na mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake.

Hapa sina budi kusema neno juu ya vipimo, kwa sababu ni mahali ambapo sayansi na siasa hukutana bila kusalimiana. Kwa miaka mingi tangazo la kila siku la hali ya hewa chafu nchini Thailand lilitegemea kipimo cha chembe za hadi maikromita 10. Kiwango cha kisheria cha zile ndogo za 2.5 kilikuwapo tangu 2010, lakini hazikuingizwa katika hesabu ya tangazo hadi Oktoba 2018. Maana yake ni kwamba wananchi walikuwa wakiambiwa hewa ni ya wastani siku ambazo, kwa kipimo kinachohusu afya zaidi, haikuwa hivyo. Kisha kiwango cha kisheria cha siku kilikuwa maikrogramu 50, kikashushwa kuwa 37.5 kuanzia tarehe 1 Juni 2023. Hewa yenye maikrogramu 45 ilikuwa halali tarehe 31 Mei na haramu siku iliyofuata, wala mapafu ya mtu hayakuarifiwa. Siwabezi wataalamu waliokishusha. Walifanya vema, na wamechelewa kuliko walivyotaka wenyewe. Nasema tu kwamba kiwango cha kisheria ni mapatano ya watu, na anayekisoma kama kwamba ni mpaka kati ya afya na ugonjwa anajidanganya.

Jambo la kupendeza ni kwamba wananchi hawakungoja. Chuo Kikuu cha Chiang Mai kilitengeneza chombo cha bei nafuu cha kupimia chembechembe, kiitwacho DustBoy, kikasambazwa shuleni, zahanatini na vijijini. Chombo cha namna hiyo hakina usahihi wa mashine kubwa ya serikali, lakini mia moja vilivyotapakaa huonyesha kitu ambacho mashine moja mjini haiwezi kukionyesha: kwamba wilaya za milimani, ambako watu wake ndio wanaolaumiwa, mara nyingi huvuta moshi mzito kuliko mji wenyewe.

Sasa turudi kwa washitakiwa. Magari ya mji yana sehemu yake, na sitetei moshi wa dizeli hata kidogo. Lakini magari hayo hayo hutembea mwezi wa Julai, katika barabara hizo hizo, na Julai hewa ya Chiang Mai ni safi kiasi cha kuridhisha. Mtu atasema, na ni kweli, kwamba mvua huiosha hewa na kwamba kifuniko cha bondeni huwa kimefunguka. Kwa hiyo ulinganisho huo peke yake hautoshi. Ndipo kemia inapoingia. Mti, jani au bua likiungua, selulosi yake huvunjika na kutoa aina ya sukari iitwayo levoglukosani, ambayo haitoki katika mafuta ya petroli wala dizeli. Sukari hiyo ikipatikana kwa wingi katika chembechembe zilizonaswa kwenye chujio, tunajua kwamba kilichoungua ni mimea. Machujio ya Chiang Mai ya majira ya moshi yamejaa ushahidi huo. Kijana wa pikipiki angeweza kuizima injini yake kwa sababu nyingine nzuri, lakini mkosaji mkuu yuko kwingine.

Yuko wapi basi? Zaidi ya theluthi mbili ya mkoa wa Chiang Mai ni msitu, na sehemu kubwa ya msitu huo ni wa miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Kufikia Februari sakafu yake imefunikwa kwa majani makavu. Moto humo ni wa chini, hauruki vileleni mwa miti, na aghalabu huwashwa na binadamu. Mmoja huwasha ili apate njia, mwingine awinde, mwingine nyasi mpya ziote kwa ajili ya ng'ombe wake. Wengine huwasha kwa sababu ya uyoga wa mviringo uitwao kwa Kithai "het thop", ambao hujificha chini ya majani na huuzwa ghali sana mvua zinapoanza. Wapo wanaoamini kuwa moto ndio unaouotesha. Kwa kweli uyoga huo huishi kwa ushirika na mizizi ya miti. Huipa maji na madini, nayo huipatia sukari. Moto hauuzalishi, humrahisishia mtu kuuona tu. Msomaji wa Tabora au Iringa, aliyenunua uyoga wa porini kando ya barabara masika yalipoanza, ajue kuwa miti ya miombo nayo ina ushirika wa aina hiyo hiyo.

Pamoja na msitu kuna mashamba. Mahindi ya chakula cha kuku na nguruwe yamepanda milimani kwa miongo kadhaa, na wilaya ya Mae Chaem imekuwa mfano unaotajwa kila mara: miteremko mikali iliyovuliwa miti, ikavikwa mahindi kuanzia chini hadi juu. Baada ya mavuno hubaki mabua. Trekta haiwezi kupanda mteremko kama ule, vibarua ni ghali, na mkulima ana deni la mbegu na mbolea linalomsubiri. Njiti moja ya kiberiti humsafishia shamba kwa mchana mmoja. Upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Shan nchini Myanmar, na katika Laos, hali ni hiyo hiyo, na upepo hauombi hati ya kusafiria.

Serikali ya mkoa iliyashughulikia haya yote kwa dawa moja: marufuku. Kwa miaka kadhaa ilitangazwa kwamba katika muda wa siku 60 hivi za kiangazi hakuna ruhusa ya kuwasha moto wa aina yoyote. Setilaiti zilizobeba vyombo vya kuona joto hupita juu na kuhesabu sehemu zenye moto, na idadi ya sehemu hizo ikawa ndicho kipimo cha bidii ya wakuu wa wilaya. Maoni yangu, na hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi ninaowaheshimu, ni kwamba dawa hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba kasoro yake ni ya kisayansi kabla ya kuwa ya kisiasa.

Kwanza, marufuku yenye tarehe humfanya kila mwenye haja ya kuchoma achome kabla ya tarehe ya kwanza au mara baada ya tarehe ya mwisho. Moto ambao ungetawanyika katika miezi mitatu hubanwa katika majuma machache, na moshi wake hujazana chini ya kifuniko kile kile. Pili, idadi ya sehemu za moto si kipimo cha moshi. Moto mdogo wa mabua makavu na moto wa msitu unaofuka siku tano huweza kuhesabiwa sawa. Setilaiti zenye kutegemewa zaidi kwa kazi hiyo hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Katikati ya saa hizo moto huweza kuwaka na kuzimika bila kuonekana. Imesemwa mara nyingi huko kwamba wapo wakulima waliokwisha kuijifunza ratiba hiyo. Siwezi kuwashangaa. Ukimpima mtu kwa kile kinachoonekana kutoka angani saa saba na nusu, atachoma saa tisa.

La tatu ndilo zito. Msitu unaopukutisha majani kila mwaka hujiwekea kuni zake wenyewe. Ukiuzuia moto mwaka huu, majani ya mwaka huu hungoja pamoja na ya mwaka ujao, kwa kiasi ambacho kuoza hakutayawahi. Mwaka 2022 moshi ulipungua kaskazini mwa Thailand kwa sababu mvua zilinyesha katikati ya kiangazi, kama zilivyofanya mwaka 2011. Na kama kawaida walikuwapo viongozi waliozipokea sifa za mvua. Mwaka 2023 ukaja ukame, na Chiang Mai ikawa siku kadhaa mbele ya miji yote mikubwa duniani katika orodha ya hewa chafu. Sidai kuwa majani yaliyobaki ndiyo sababu pekee. Nadai kwamba haikosi kuchangia.

Sisi wa Afrika tuna jambo la kusema katika hoja hii, na ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika. Mwaka 1933, huko Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, vilitengwa vipande vya msitu wa miombo kwa jaribio la miaka mingi. Vingine vilichomwa mapema, nyasi zikiwa bado zina unyevu. Vingine vilichomwa kiangazi kilipokomaa. Vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Vipande vilivyochomwa kwa kuchelewa vilipoteza miti yake na kugeuka kuwa nyasi na vichaka vigumu. Vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa miombo. Vilivyolindwa vilisongamana na kuanza kuingiwa na mimea ya daima kijani. Lakini ulinzi huo uliwezekana kwa kuwa vipande vilikuwa vidogo, vimezungushiwa njia za kuzuia moto na walinzi wa kutosha. Huwezi kuuzungushia mkoa mzima njia hizo. Jaribio hilo linafundisha kuwa katika misitu ya aina hii uamuzi uliopo mezani ni moto upi na wa lini. Warina asali wa Tabora walikuwa wakilijua hilo kabla ya jaribio.

Hata hivyo, nisiwe mwepesi mno. Moto wa mapema nao hutoa moshi, na mwezi wa Januari kifuniko cha bondeni huwa kizito asubuhi. Kuchoma mapema kiholela kungehamisha tu tatizo kutoka Machi kwenda Januari. Kinachotakiwa ni kuchoma kidogo kidogo, kwa zamu, katika siku ambazo watabiri wa hali ya hewa wanaona upepo utakuwapo na kifuniko kitafunguka kufikia mchana. Chiang Mai yenyewe imekwisha kuanza mpango wa namna hiyo, ambapo kijiji huomba nafasi, ombi likapimwa kwa utabiri wa mtawanyiko wa moshi, kisha likakubaliwa au kuahirishwa. Mpango huo una kasoro zake na umebezwa na watu wa mjini wasiotaka kusikia neno "ruhusa" karibu na neno "moto". Mimi nauona kuwa ndio hatua ya kwanza ya kisayansi iliyochukuliwa katika jambo hili, nami ningependa upewe miaka kumi kabla ya kuhukumiwa.

Wanaoumia zaidi na marufuku ni watu wa milimani: Wakaren, Wahmong, Walahu, Walisu na wengineo. Miongoni mwao Wakaren wana kilimo cha mzunguko cha kale. Familia hufyeka kipande, hukichoma mara moja, hulima mpunga na mboga mwaka mmoja, kisha hukiacha kirudie msitu kwa miaka kadhaa kabla ya kukirudia. Mwaka 2013 wizara ya utamaduni ya Thailand ilikiandika kilimo hicho kuwa urithi wa taifa, na bado afisa wa wizara nyingine huweza kumkamata mkulima yule yule kwa kukifuata. Moto wa kipande kama hicho huwaka saa chache na hulindwa pande zote na wanakijiji, kwa kuwa msitu unaozunguka ni shamba lao la kesho. Kuuweka katika kapu moja na miteremko ya mahindi inayochomwa kila mwaka ni uvivu wa fikra. Vijiji hivyo hivyo ndivyo vinavyotoa vijana wa kupanda milima usiku na mafagio na mashine za kupeperushia majani ili kukata njia za kuzuia moto, na katika kazi hiyo baadhi yao wamepoteza maisha.

Basi swali la nani mwenye kiberiti lisiishie kwenye mkono unaokiwasha. Mahindi yanayolimwa Mae Chaem na Shan hayaliwi huko. Huenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo, na Thailand ni miongoni mwa nchi zinazouza kuku kwa wingi kabisa duniani. Mavuno ya ndani hayatoshelezi viwanda hivyo, na kwa miaka mingi mahindi ya Myanmar yameruhusiwa kuingia bila ushuru kuanzia Februari hadi Agosti, chini ya mapatano ya biashara ya jumuiya ya ASEAN. Mnunuzi anajua aina ya mbegu, anajua uzito, anajua unyevu wa punje hadi nukta ya asilimia. Kwa muda mrefu hakutakiwa kujua kama shamba lilichomwa. Habari hiyo ingepatikana kwa gharama ndogo, kwani setilaiti zile zile zinazotumiwa kumhesabia mkulima dhambi zake zinaweza kuonyesha ni mteremko upi uliokuwa mweusi mwezi wa Aprili. Singapore, iliyoteswa na moshi wa Indonesia, ilitunga mwaka 2014 sheria inayoiwezesha kuyashitaki makampuni hata kama moto umewashwa nje ya mipaka yake. Sheria hiyo ni ngumu kuitekeleza, lakini imeuelekeza mkono mahali panapostahili.

Na mkulima apewe njia nyingine. Anaweza kupanda miti ya matunda, kahawa au mianzi, ambayo haihitaji kuchomwa kila mwaka. Lakini mti huzaa baada ya miaka minne au mitano, na sehemu kubwa ya ardhi ya milimani kisheria ni msitu wa hifadhi. Anayeilima hana hati, na asiye na hati hapati mkopo wa kungojea miaka mitano. Mahindi hulipa kwa miezi minne. Yeyote anayemhubiria mkulima huyo juu ya mapafu ya watu wa mjini bila kutaja hati wala mkopo anapoteza pumzi, nayo pumzi huko ni haba.

Mapatano ya kimataifa hayajakosekana. Nchi za ASEAN zilitia saini makubaliano juu ya moshi unaovuka mipaka tarehe 10 Juni 2002, yakaanza kutumika mwaka 2003, na Indonesia, ambayo ndiyo iliyokuwa na mioto mikubwa kuliko zote, iliyaridhia mwaka 2014. Hayana adhabu ndani yake. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchini Myanmar, vita katika sehemu nyingi za nchi hiyo vimeifanya hata ziara ya wataalamu kuwa jambo gumu.

Wananchi wa Chiang Mai wakaigeukia mahakama. Aprili 2023 waliishitaki serikali yao katika mahakama ya utawala ya mji huo kwa kushindwa kutumia mamlaka iliyokuwa nayo, na tarehe 19 Januari 2024 mahakama iliwaamuru waziri mkuu na bodi ya taifa ya mazingira kutayarisha mpango wa dharura katika siku 90. Mwezi huo huo bunge lilipokea katika hatua ya kwanza miswada saba ya sheria ya hewa safi, mmoja wao ukiwa umeletwa na wananchi wenyewe kwa saini zao. Hisia zilikuwa kali, kwa sababu mwezi mmoja uliotangulia, Desemba 2023, alikuwa amefariki kwa saratani ya mapafu daktari kijana, Krittai Thanasombatkul, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai, aliyekuwa akiwaandikia watu habari za ugonjwa wake kwa unyofu uliowagusa maelfu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Napenda kusema juu ya kifo hicho jambo ambalo huenda likaonekana la kikatili. Saratani ya mtu mmoja haithibitishi kitu juu ya moshi. Thailand ya kaskazini imekuwa na saratani nyingi za mapafu kuliko sehemu nyingine za nchi kwa muda mrefu, na watafiti wamechunguza pia sigara za kienyeji na gesi ya radoni itokayo ardhini. Anayesema "moshi ndio uliomuua" anasema asilolijua. Na anayejibu "basi moshi hauna hatia" anasema uongo mkubwa zaidi, maana ushahidi juu ya moshi haukutokana na mtu mmoja, umetokana na mamilioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani mwaka 2019.

Sitapoteza nafasi kwa magari ya zimamoto yanayonyunyiza maji hewani kando ya handaki la mji mkongwe. Matone ya maji yale ni makubwa mno kuzinasa chembechembe za moshi. Zinawapita pembeni kama kumbikumbi wanavyoupita mkono wa mtu anayewapungia. Barakoa nzuri na chumba kilichofungwa chenye chujio husaidia kweli, lakini husaidia wenye uwezo wa kununua.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo linatuhusu. Kwa hesabu ya setilaiti, kadiri ya theluthi mbili ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko katika bara la Afrika, na sehemu kubwa ya hiyo ni nyika na miombo. Chiang Mai inajua inavuta nini kwa sababu ina vyombo vya kupimia hadi vijijini. Katika Tabora, Katavi na Rukwa, kuanzia Juni hadi Oktoba, mioto huonekana usiku kama taa za mji ulioko mbali, na mama yule yule anayetoka nje kukwepa moshi wa mafiga hukutana na moshi wa nyika mlangoni. Hospitali za huko huandika kikohozi, vichomi na pumu katika daftari zake. Chombo kimoja cha bei nafuu katika ua wa kila hospitali ya wilaya, kikisomwa kila asubuhi na namba yake ikaandikwa katika daftari lile lile kando ya idadi ya wagonjwa, kingetupatia kufikia kiangazi cha tatu au cha nne jibu ambalo sasa hatuna. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kufanya kazi hiyo.